Klachi kwanza, mafuta baadaye

JUMAMOSI JIONI

Neema: Shikamooni wakubwa wote. Nimetoka kwenye mafunzo ya udereva sasa hivi, mguu wa kushoto bado unatetemeka. Gari linanizimia kila nikitaka kuondoka. Mwalimu ananiambia "achia klachi polepole", naachia polepole, linaruka halafu linazima. Naomba anayejua anieleze kinachotokea huko chini. Nikikielewa nahisi nitaweza.

Mama: Pole mwanangu. Si ujifunze tu otomatiki? Magari ya siku hizi mengi hata klachi hayana.

Neema: Mama, gari nitakalopewa kazini ni manyuali, la kubadilisha gia kwa mkono. Halafu zipo nchi, kama Uingereza na Japani, ukifanya mtihani kwa otomatiki leseni yako haikuruhusu manyuali. Bora nihangaike sasa.

Mjomba Salim: Marahaba Neema. Umeuliza swali la dereva. Rashidi, wewe ni fundi, mweleze binamu yako. Mimi nitaongeza ya barabarani.

Rashidi: Sawa mjomba. Neema, iko hivi. Injini ikishawaka haitulii. Hata gari likiwa limesimama na hujagusa pedeli ya mafuta, inazunguka kama mara 700 hadi 900 kwa dakika. Magurudumu yamesimama kabisa. Sasa unataka kuunganisha kinachozunguka na kilichosimama. Ukiviunganisha ghafla, gari linarushwa mbele na injini inazidiwa, inazima. Ndicho kinachokutokea.

Rashidi: Klachi ipo ili viungane taratibu. Kwenye injini kuna sahani nzito ya chuma tunaiita flaiwili. Pleti ya klachi inabanwa kwenye flaiwili hiyo. Ukikanyaga pedeli mpaka chini, pleti inabanduka, injini inazunguka peke yake. Ukiinua mguu, pleti inarudi kugusa. Kwanza inasuguana tu, inaburutwa, mwendo wake unapanda, mwisho inashikana na flaiwili zinazunguka pamoja. Hapo ndipo gari limeunganika na injini.

Neema: Kwa hiyo sehemu ya muhimu ni pale inapoanza kusuguana tu?

Rashidi: HAPO TU. Chini ya hapo pleti haijagusa, juu ya hapo imeshashikana. Mguu unaweza kuuinua haraka kidogo kutoka chini mpaka karibu na inaposhika. Ukifika pale, simama. Shikilia. Acha gari lenyewe lianze kutembea, ndipo umalizie kuachia. Wanafunzi wengi wanaachia polepole kutoka chini kabisa, wakifika mahali penyewe mguu umechoka, wanaachia yote kwa mpigo.

Neema: Ndivyo ninavyofanya mimi!! Nikiona gari limeanza kusogea natoa mguu.

Shangazi Zuhura: Neema mwanangu, nimesoma yote. Mimi nimejifunza nikiwa mtu mzima, na aliyenifundisha alinikataza kugusa mafuta siku nzima. Nakushauri ufanye hivyo. Tafuta uwanja mpana, tambarare, usio na watu, uwe na mwalimu pembeni. Gia namba moja, hendibreki umeishusha, mguu wa kulia uko juu ya breki bila kukanyaga. Inua klachi mpaka gari lijivute lenyewe. Likitembea kidogo, kanyaga klachi, funga breki, simama. Rudia. Rudia tena. Gari likiwa zima na sehemu ni tambarare, litaondoka bila mafuta kabisa.

Neema: Bila mafuta? Sijaambiwa hilo.

Shangazi Zuhura: Bila mafuta. Ukiweza hivyo, mguu wa kushoto umeshajua kazi yake. Mafuta yanakuja baadaye kusaidia. Tatizo la kuanza na yote mawili ni kwamba linapozima hujui mguu gani umekosea. Na pale klachi inaposhika, inua kama unamlaza mtoto aliyeanza kusinzia.

Mjomba Salim: Zuhura umesema vizuri sana. Niongeze alama za kujua umefika pale inaposhika, maana huoni, unasikia. Muungurumo wa injini unashuka kidogo, unakuwa mzito. Pua ya gari inainuka kidogo sana. Usukani na kiti vinatetemeka kidogo. Ukihisi kimojawapo, mguu hapo hapo usitikisike.

Mjomba Salim: Na kila gari lina pake. Kuna gari klachi inashika juu, kuna gari inashika chini. Mimi mpaka leo nikipewa gari nisilolijua, kabla ya kuingia barabarani naitafuta kwanza klachi yake inashika wapi.

Neema: Kisigino kikae sakafuni au kiinuke? Mwalimu anasema kimoja, rafiki yangu kingine.

Shangazi Zuhura: Sakafuni. Kinakupa utulivu.

Mjomba Salim: Hapo tunatofautiana dada yangu. Pedeli ya klachi inakwenda mbali kuliko breki. Mwenye mguu mfupi akigandisha kisigino hawezi kuifikisha chini. Kiinuke wakati wa kukanyaga, kitue wakati unatafuta pale inaposhika.

Shangazi Zuhura: Hilo la kutua mwishoni nakubaliana nawe kaka.

Rashidi: Kabla ya kisigino, kiti! Kivute mbele mpaka klachi ikiwa chini kabisa goti lako bado limepinda kidogo. Mtu anayejinyoosha kufikia pedeli hawezi kuiachia kwa vipimo. Na vaa kiatu chenye soli nyembamba, bapa. Ndala ziache nyumbani, zinateleza na kunasa chini ya pedeli.

Neema: Kiti changu kilikuwa nyuma sana. Naandika yote haya.

Hamisi: Dada, likikuzimia barabarani usihofu, kila mtu limewahi kumzimia.

Mama: Mimi naogopa mlima. Gari likirudi nyuma na kuna mtu nyuma yake?

Mjomba Salim: Mama Neema, hofu yako ina msingi, na dawa yake ni hendibreki. Neema soma hapa taratibu. Umesimama mlimani, hendibreki umeivuta, klachi chini, gia namba moja. Ongeza mafuta kidogo mpaka usikie injini imepata nguvu, uyashikilie hapo. Inua klachi mpaka inaposhika, utaona pua inainuka na gari linataka kwenda lakini limezuiwa. Sasa ndipo unashusha hendibreki. Gari litakaa hapo hapo au litaenda mbele. Likianza kurudi nyuma, funga breki, kanyaga klachi, vuta hendibreki, anza upya. Usijaribu kuliokoa kwa kuachia klachi haraka.

Mjomba Salim: Mwachie nafasi aliye mbele yako pia. Huenda naye ni mwanafunzi.

Neema: Na mlimani naweza kulishikilia kwa klachi tu bila breki? Nimemwona mtu akifanya hivyo kwenye taa.

Rashidi: Tafadhali usifanye. Pale unapolishikilia, pleti inasuguliwa muda wote, inapata moto na kulika. Ukisikia harufu kali ya kuungua, ni pleti hiyo. Pale klachi inaposhika ni pa kuondokea tu. Ukisimama, shika breki. Ukiondoka, toa mguu kabisa kwenye pedeli, uuweke pembeni. Mguu unaopumzika juu ya klachi unaimaliza bila mwenyewe kujua, na klachi kuibadilisha ni kushusha gia boksi.

Hamisi: Mimi mteremkoni naweka frii, yaani natoa gia, gari linateleza lenyewe, naokoa mafuta. Neema jaribu, ni raha.

Mjomba Salim: HAPANA. Hamisi, nisikilize mwanangu. Nimeendesha malori miaka mingi na nimeona yaliyowapata watu mteremkoni. Ukiweka frii umeikata injini, kilichobaki ni breki peke yake. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, zikizidi moto zinapoteza nguvu, unakanyaga na gari haliitiki. Ukiwa kwenye gia, injini yenyewe inalizuia gari. Shuka na gia ndogo, namba tatu au mbili, kadiri mteremko ulivyo mkali. Na gia iingize kabla hujaanza kushuka, usingoje mpaka mwendo umekuzidi.

Rashidi: Na hata hayo mafuta huokoi Hamisi. Magari yanayopulizia mafuta kwa kompyuta, ambayo ndiyo karibu yote ya siku hizi, ukiwa kwenye gia na umetoa mguu kwenye mafuta, magurudumu yanaizungusha injini, kwa hiyo kompyuta inakata mafuta kabisa. Ukiweka frii, injini lazima ichome mafuta ili isizime. Enzi za kabureta, kabla ya kompyuta, ndiyo watu walizoea hivyo.

Hamisi: Hilo sikulijua. Nimeacha kuanzia leo mjomba.

Mjomba Salim: Mungu akulinde.

Neema: Kubadilisha gia je? Najuaje wakati umefika wa kwenda namba mbili?

Rashidi: Sikiliza injini. Ikianza kulia kwa sauti ya juu, inaomba gia kubwa. Ikiwa nzito na gari linatetemeka, inaomba gia ndogo. Gari la kawaida la petroli, mizunguko 2000 hadi 3000 kwa dakika inatosha kupandisha. La dizeli linapandishwa mapema zaidi. Namba moja ni ya kuondokea, ukishatembea kidogo ingiza mbili. Na mkono wa gia hausukumwi kwa nguvu. Ndani kuna sinkronaiza zinazosawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijaingiliana, zipe nafasi. Ukiona inagoma, kagua klachi kama umeifikisha chini.

Mjomba Salim: Malori ya zamani hayakuwa nazo. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unagusa mafuta, unakanyaga tena ndipo uingize. Ukikosea linasaga mpaka mtaa mzima unasikia. Ninyi mmerahisishiwa sana, nafurahi.

Shangazi Zuhura: Neema usiangalie mkono wa gia wakati unatembea. Gari likiwa limezimwa, kaa ndani, klachi chini, pitisha gia zote mpaka mkono uzizoee. Macho yabaki mbele.

Neema: Swali la mwisho leo. Kusimama. Nikanyage klachi kwanza au breki?

Mjomba Salim: Breki kwanza. Injini ikusaidie kupunguza mwendo. Gari likiwa linakaribia kusimama, kabla halijaanza kutetemeka, ndipo klachi. Isipokuwa kuna hatari ya ghafla: hapo kanyaga breki kwa nguvu zote, klachi nayo ifuate. Likizima poa, limeshasimama.

Neema: Asanteni sana. Kesho namwomba mwalimu tufanye zoezi la shangazi kwanza.

Mama: Endesha salama mwanangu. Nitakuombea.

JUMAPILI MCHANA

Neema: Jamani LIMETEMBEA. Bila mafuta! Kiti mbele, nikangoja muungurumo ushuke, nikashikilia, likaondoka lenyewe taratibu. Mwalimu akauliza nani amenifundisha.

Shangazi Zuhura: Alhamdulillahi! Hongera mwanangu!!

Mama: Machozi yananitoka. Hongera sana.

Hamisi: Hongera dada 👏👏

Neema: Kwenye taa limenizimia mbele ya foleni, watu wakapiga honi. Nilishikwa na woga nikasahau niwashe vipi.

Mjomba Salim: Honi hazikusaidii wala hazikudhuru. Shika mpangilio mmoja usibadilike: breki, klachi chini, washa, hakikisha uko namba moja, tazama pande zote, ondoka. Mara nyingi linazima tena kwa sababu mtu anakimbilia kuondoka akiwa bado kwenye namba tatu aliyokuja nayo.

Neema: Nilikuwa namba tatu kweli! Ndiyo maana lilizima tena.

Rashidi: Umeona? Na rivasi mmefanya?

Neema: Kidogo. Ililia krrr wakati naingiza.

Rashidi: Gari lisimame kabisa kwanza. Kwenye magari mengi rivasi haina sinkronaiza, ndiyo maana inasaga gari likiwa bado linatembea. Kanyaga klachi, ngoja kidogo, ingiza. Ikigoma, rudisha frii, achia klachi, kanyaga tena, jaribu. Angalia na mchoro ulio juu ya mkono wa gia: kuna magari unabonyeza chini ndipo rivasi iingie, mengine unavuta kipete juu. Halafu rivasi ina nguvu sana, unarudi nyuma kwa klachi, mafuta hapana au kidogo sana.

Neema: Na kuegesha? Mwalimu anasema niache kwenye gia, lakini nikiwasha si litaruka?

Rashidi: Litaruka ukiwasha bila kukanyaga klachi. Kwa hiyo zoea: klachi chini kila unapowasha, hata ukijua liko frii. Magari mengi mapya hata hayawaki bila hivyo. Kuegesha, vuta hendibreki, zima, acha gia. Ukitazama mlima acha namba moja, ukitazama mteremko acha rivasi. Hendibreki ikilegea, injini inalishika.

Mama: Na jiwe nyuma ya gurudumu?

Mjomba Salim: Mlimani jiwe ni akili pia Mama Neema, ila aliondoe barabarani akiondoka. Na akiegesha akitazama mteremko, magurudumu ya mbele ayakunje kuelekea ukingo wa barabara.

Neema: Sawa mjomba. Jumatano tunafanya mlima na hendibreki. Nitawaambia jioni.