Jeni mbili zimeandikwa trpE: ipi ndiyo ya triptofani?

Mpekuzi: Wakuu, naombeni msaada. Nimesoma jenomu ya bakteria wangu, programu ikaniletea jeni mbili zinazofanana na zote imezibandika jina trpE. Ana nakala mbili za kutengenezea triptofani (asidi amino), au moja imepewa jina lisilo lake?

MzeeWaSahani: Pole, ndugu. Mtego huo ulishaninasa. Niliivunja jeni iliyoandikwa trpE, nikakaa miezi miwili nawalisha bakteria triptofani, hawaoti. Siku moja, kwa hasira tu, nikadondosha PABA (malighafi ya kutengenezea foliti, yaani vitamini B9) katikati ya sahani. Kesho yake duara la makoloni limezunguka palepale! Kumbe nilivunja pabB, jeni ya njia ya foliti.

Vimeng'enya vya jeni hizi mbili, TrpE na PabB, ni ndugu wa asili moja. Vyote vinaanza na kemikali moja, korismati, vyote vinapachika amonia iliyotoka kwenye glutamini. TrpE inaipachika kwenye kaboni ya 2, halafu inang'oa piruvati yenyewe, tayari una antranilati, ya kuelekea triptofani. PabB inaipachika kwenye kaboni ya 4 na kuishia hapo. Kung'oa piruvati inakiachia kimeng'enya kingine, PabC, ndipo inapatikana PABA.

Sasa tafuta kipande cha PIAGT (TrpE) au PIKGT (PabB) kwenye mfuatano wa protini; kila herufi ni asidi amino moja. Hiyo K ni laisini, kwa E. coli ni ya 274. Inajishikiza yenyewe kwenye kaboni ya 2 ya korismati, ndipo amonia inaingia ya 4. TrpE hapo ina alanini (A). Kisha angalia majirani: jeni iliyopangana na trpD na trpC, jeni nyingine za triptofani, haina ubishi sana.

Mpekuzi: Mkuu, ziko hivyohivyo! Yenye PIAGT imekaa kando ya trpD. Ila jeni za kimeng'enya mwenza kinacholeta amonia, naona trpG (mwenza wa TrpE) moja tu, pabA (mwenza wa PabB) hakuna kabisa. Nimeipoteza wapi?

Kidonge: Hujaipoteza. Bacillus subtilis naye anayo moja, tena imekaa kwenye kundi la jeni za foliti, inahudumia pande zote mbili. Kazi yake ni kutoa amonia kwenye glutamini basi. Itapachikwa kaboni ipi, hilo si lake.

MzeeWaSahani: Kweli kabisa. Kwa hiyo ukiivunja hiyo trpG, andaa sahani yenye triptofani na PABA pamoja. Na usizidishe chumvi ya amonia, maana TrpE huweza kuokota amonia iliyo huru, ukaona makoloni ukadhani jeni haikuvunjika.