Kijana wa miaka 18, leseni ya miezi miwili, gari la farasi 400: sheria izuie?

Mleta mada: Wadau, jirani yangu kamnunulia kijana wake gari la nguvu za farasi 400. Leseni ameipata juzi tu. Naomba tujadili: sheria iwazuie vijana magari ya namna hii, au tuwaachie wazazi waamue? Mimi nasema izuie. Gari likitoka kilomita 50 kwa saa likafika 100, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kosa ni lile lile, kipigo ni kingine kabisa.

MkonoWaGia: Huo ni wivu. Max Verstappen, dereva wa Uholanzi, aliingia Formula 1, yale mashindano makubwa ya mbio za magari, mwaka 2015 akiwa na miaka 17. Umri si hoja, hoja ni kipaji.

KonaKali: Mkuu, Verstappen alianza kuendesha vigari vya mashindano akiwa na miaka minne hivi. Mwanao amefanya mazoezi wapi? Na kule kwenye uwanja wa mbio hakuna mama anayevuka na mtoto mgongoni.

MkonoWaGia: Mwanangu yupi? Mimi nina miaka 19 na gari ninalo, la kwangu, na sijawahi kugonga hata kuku. Mnazungumza kana kwamba sisi wote ni wauaji.

Msafiri77: Tena Verstappen hakuwa hata na leseni ya barabarani wakati ule!

MkonoWaGia: Alikuwa nayo bwana. Utaruhusiwaje Formula 1 bila leseni?

Msafiri77: Hakuwa nayo. Aliipata alipotimiza miaka 18, mwezi Septemba mwaka huo huo, mashindano yakiwa yameshaanza tangu Machi. Ndipo FIA, wasimamizi wa mbio hizo, wakapandisha umri, kuanzia 2016 ukawa miaka 18.

KonaKali: Ahsante. Kwa hiyo hata wenye mbio zao walishtuka.

MkonoWaGia: Walishtuka na bado ni bingwa wa dunia mara kadhaa. Endeleeni.

MamaWatatu: Jamani, huyo bingwa tumwache alale. Mleta mada kauliza sheria. New Zealand walianza leseni za hatua kwa hatua mwaka 1987: dereva mpya anabanwa usiku, na habebi rafiki bila mtu mzima pembeni. Kule jimbo la Victoria, Australia, mwenye leseni ya majaribio haruhusiwi gari linalozidi kilowati 130 kwa kila tani ya uzito. Hilo la farasi 400, yaani karibu kilowati 298, likiwa na tani 1.6 linafika karibu kilowati 186 kwa tani. Kwa hiyo sheria kama hiyo inawezekana. Ninachokiogopa mimi ni wale watatu wa kiti cha nyuma wanaosema "kanyaga, kanyaga". Kijana akiwa peke yake ana akili nzuri tu.

Msafiri77: Sheria haiwezi kulea. Mzazi ndiye kampa funguo. Huyo jirani ndiye wa kulaumiwa.

MamaWatatu: Nimesubiri mtu aseme hivyo. Mimi ni mzazi. Nilimpa mwanangu mkweche wangu wa zamani nikijua namlinda, kwa kuwa haukimbii. Hauna mifuko ya hewa, breki zake ukikanyaga ghafla tairi zinajifunga. Aligonga nguzo akiwa kwenye mwendo wa kawaida na mguu wake hadi leo una vyuma. Usinihukumu kabla hujakaa wodini usiku.

Msafiri77: Pole dada. Sikukulenga wewe.

FundiBodi: Niruhusuni. Nanyoosha bodi za magari miaka mingi. Mwezi uliopita lililetwa moja la mbio, la kusukuma kwa magurudumu ya nyuma. Ubavu wa abiria umeingia hadi kwenye gia. Chini ya kiti kulikuwa na raba moja nyeupe, kamba bado zimefungwa. Kitufe cha mfumo wa kuzuia kuserereka kilikuwa kimezimwa. Vijana wanakizima ili mkia wa gari ucheze. Sasa sikilizeni: kwenye kona yenye maji ukikanyaga mafuta, nyuma inatoka. Kijana akiogopa anaachia mguu wote kwa mara moja, uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi zaidi, gari linageuka lenyewe. Hilo halihitaji ujeuri, linahitaji woga tu. Na haya ya umeme ndiyo yananitisha zaidi: nguvu yote inakuja papo hapo, wala injini haikupigii kelele ikuonye.

KonaKali: Aliyevaa hiyo raba alipona?

FundiBodi: Sikuuliza. Aliyekuja kulichukua alikuwa baba mtu, na hakuwa mtu wa kuulizwa.

Mleta mada: Sasa mnaona ninachosema? Barabara ndiyo inayoongoza duniani kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Shirika la Afya Duniani limesema hivyo, siyo mimi.

Msafiri77: Wengi wao wanatembea kwa miguu au wako kwenye pikipiki. Ungeanza na huko.

MkonoWaGia: Fundi, samahani. Hicho kitufe ukikizima, gari likizimwa na kuwashwa upya kinarudi chenyewe?

FundiBodi: Kwa magari mengi kinarudi. Lako linasukuma kwa magurudumu gani, mdogo wangu?

MkonoWaGia: Ya nyuma.

FundiBodi: Kesho kabla hujawasha, inama uangalie tairi za nyuma. Kama vijito vya kupitisha maji vimefutika, usitoke nalo. Njoo nikuonyeshe, sitakudai kitu.