Helmeti yangu imegeuzwa kapu la sadaka mbele ya baba mkwe!

Wanajamvi, naandika mikono inatetemeka. Yule bwana wa kijiwe cha kahawa hapa Kimara, mnamjua, yule mwenye jibu la kila kitu tangu Nuhu anatafuta mbao, leo amenimaliza.

Natoka zangu Kariakoo na baiskeli, naegesha, naning'iniza helmeti kwenye usukani, naagiza kahawa. Kashata sijaimeza, jamaa kashaichukua! Akaipindua, akaanza kuizungusha kwa wazee: "Mchangieni kijana, kichwa chake cha udongo, kikidondoka kinavunjika." Wakacheka mpaka birika likataka kupinduka. Na baba mkwe wangu, mzee aliyepokea mahari yangu kwa mikono miwili, akaingiza mkono kwenye kanzu, akatoa mia mbili, akatia. MIA MBILI! Nikaiona ikidunda kwenye povu la ndani, ikatulia pale panapokaa utosi wangu.

Masika yaliyopita, pale Manzese, bodaboda alinivaa kwenye njia ya baiskeli kando ya mwendokasi. Kichwa kikapiga ukingo wa zege. Helmeti ya kwanza ikapasuka, mimi nikainuka nikajipangusa tope. Povu likishabonyea limemaliza kazi, halikukingi tena, ndiyo maana nikajinyima nikanunua hii. Leo inatiwa mia mbili!

Kipara Ngoto: Pole mkuu. Hiyo mia mbili umeirudisha au umelipia kahawa?

Mleta uzi: Usinichefue. Baba mkwe alikuwa anacheka na meno yote nje. Meno yote!

Mtaa wa Pili: Ila mzee ana hoja. Uholanzi wanaendesha nchi nzima vichwa wazi, na watoto nyuma. Wewe wa Kimara umejifunga kama rubani.

Kengele Mbovu: Uholanzi baiskeli ina njia yake na watu wanaiheshimu. Huku hiyo njia ni ya bodaboda na meza za mitumba. Hata waendeshaji wa kulipwa walikuwa wanagoma kuvaa, mpaka mwenzao Kivilev alipoanguka kwenye mbio za Paris-Nice mwaka 2003 akafa kwa jeraha la kichwa. Mwaka huohuo UCI, chama cha baiskeli cha dunia, wakalazimisha.

Mtaa wa Pili: Sawa, ila rubani ni rubani.

Bibie Kilimani: Afadhali wewe una ya kwako. Mie jana bodaboda kanivalisha elementi ina jasho la Dar nzima. Nimesuka juzi kwa elfu thelathini, nimeshuka kichwa kinanuka kitambaa cha jikoni!

Kengele Mbovu: Na kamba yake haifungi, unaishikilia kwa mkono kama unabeba tikiti.

Kipara Ngoto: Elementi tu? Njooni kituo cha mwendokasi saa kumi na mbili asubuhi. Nimeingia na vifungo sita, nimeshuka na viwili.

Mtaa wa Pili: Mimi nilishukia kituo ambacho sikukitaka. Watu walinishusha.

Mleta uzi: Jamani, mada! Kesho mzee anakuja kula kwangu, nitamtazamaje? Mia mbili bado iko mezani!

Bibie Kilimani: Mpikie pilau.

Kipara Ngoto: Bibie, huyo msusi wa elfu thelathini anasukia wapi? Wife ananisumbua.