Sebene ruksa, Altar Boys mapepo? Wakuu kanisa letu limenichosha

Wakuu kwema? Naandika nikiwa nimefura kweli kweli, mkiona herufi zimeruka mnivumilie.

Juzi kwenye mkesha wa vijana nikaambiwa nilete nyimbo za kuwaamsha watu ile saa nane usiku ambapo nusu ya ukumbi washalala kwenye viti vya plastiki. Nikaweka kwenye flash albamu ya kwanza ya Altar Boys, ile ya 1984, nikachomeka kwenye sabufa. Haikufika hata nusu dakika, gitaa ndo kwanza linaingia, katibu wa vijana kaja mbio toka mlangoni kaing'oa flash taa yake bado inawaka, kaitia mfukoni, kashika maiki kaanza kukemea. Nakemewa mimi! Mbele ya watu wote, na mbele ya binti niliyekuwa namfuatilia toka Pasaka.

Kwa msiowajua, hawa ni bendi ya Kikristo ya kusini mwa California, anayeimba ni Mike Stand, na kwenye hiyo albamu ya kwanza wamechanganya rokabili na panki (panki muziki, sio ile ya kinyozi). Rokabili ni ule mdundo wa kurukaruka wa akina Elvis Presley kule Memphis, Marekani, 1954, gitaa linakatakata na besi kubwa la kusimama nyuzi zinapigwa makofi, panki nayo ni kodi tatu za gitaa (chords), mbio, fupi, tumemaliza twende wimbo mwingine. Maneno wanayoimba ni Yesu mwanzo mwisho. Albamu iliyofuata ya 1985, When You're a Rebel, wamekaza panki zaidi na binafsi naipenda kuliko hii, ila kwa kuamsha watu saa nane hii ya kwanza ndo yenyewe, inachezeka.

Jumanne nimeitwa kwa wazee. Swali la kwanza, nisiwafiche, nimeulizwa hao Altar Boys ni Wakatoliki? Jina tu limewachanganya, maana altar boys kwa Kiingereza ni wale watoto wanaotumikia altareni kwa Wakatoliki. Swali la pili, kwanini ngoma zinakimbia hivyo, Roho Mtakatifu hana haraka. Jamani!! Jumapili tu hapohapo sifa zilivyopamba moto mpiga solo kashusha sebene dakika kumi nzima, wamama wameshika viuno, mzee aliyeniuliza kuhusu mbio ndo alikuwa mbele anapepea leso. Sebene ilizaliwa wapi, kwenye shule ya Biblia? Si kwenye rumba na mabaa ya Kinshasa huko! Nikawakumbusha wamisionari walivyowapiga babu zetu marufuku ngoma kanisani kwa maneno hayahayo tunayoambiwa leo, nikaambiwa nina kiburi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba huo muziki wanaouita wa shetani umetoka madhabahuni. Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili wa Marekani, alikuwa anapiga gitaa la umeme na kumwimbia Mungu 1944, Elvis hajafikisha hata miaka kumi. Elvis mwenyewe kakulia Assemblies of God, Jerry Lee Lewis, mwanamuziki mwenzake wa rock and roll, hivyohivyo, tena binamu yake ni Jimmy Swaggart, yule mhubiri wa kwenye TV aliyekuwa anaipiga vita roki ya Kikristo kuliko mtu yeyote na 1988 tukamwona analia madhabahuni anatubu mambo yake mengine kabisa. Na hukohuko California, mchungaji Chuck Smith wa kanisa la Calvary Chapel aliwapokea mahipi (wale vijana wa nywele ndefu) wakaingia pekupeku na magitaa yao, kanisa likajaa. Sisi vijana wetu saa nane wanakoroma halafu tunakemea flash.

Kama hampendi kelele semeni hatupendi kelele, nitaelewa, hata mama yangu hazipendi. Lakini kusema ni mapepo wakati hakuna aliyesikia hata mstari mmoja umeisha, hapo hapana.

Sasa flash bado anayo katibu. Ni GB 32, mle ndani kuna picha zote za harusi ya dada yangu na mpiga picha alishafuta za kwake. Leo asubuhi nimempigia kwa upole kabisa, Bwana asifiwe kaka naomba ile flash, kanijibu nisubiri mpaka Ijumaa maana inatakiwa iombewe kwanza.