The Breakfast Club: chumba kimoja sinema nzima, waliwezaje?

Barobaro_Likoni
Asalam aleikum wadau. Nasaidia klabu ya drama kwa shule moja huku Likoni, watoto ni wa fomu 2 na fomu 3, na likizo hii tumeamua tufanye filamu fupi ya kuchekesha, kama dakika 20 hivi, yote ndani ya darasa moja. Vifaa ni simu 2, maiki ya kuazima na Jumamosi 3 basi. Sasa juzi nikakaa nao tukaangalia The Breakfast Club ya John Hughes, ile ya 1985, wanafunzi 5 wamewekwa laiblari Jumamosi nzima kwa adhabu na mwalimu mkali yuawachunga, na wallahi nilidhani watachoka kwa vile ni ya zamani na ni maneno matupu, lakini walitulia tuli mpaka mwisho. Mmoja akaniuliza, mwalim, mbona hawatoki mle ndani na sisi hatuchoki? Sikuwa na jibu. Anayejua vile ilitengenezwa anisaidie. Na ni kweli mengine walijitungia papo hapo mbele ya kamera?

MzeeWaKanda
Waaleikum salaam mwanangu, umenipeleka mbali sana. Hiyo mie niliiona kwa kanda ya kukodi, Majengo, sebule imejaa watu mpaka mlangoni na ukimaliza lazima uirudishe nyuma ndio uipeleke dukani.

Kwanza ujue ile si laiblari. Shule yenyewe iliitwa Maine North, ilikuwa Des Plaines karibu na Chicago, na ilikuwa ishafungwa tangu 1981, haina mwanafunzi hata mmoja. Walipiga picha pale 1984. Laiblari yake ya kweli ilikuwa ndogo, taa na kamera na watu wote wale haziingii, basi wakaingia kwenye ukumbi wa michezo wa ndani wa shule hiyo hiyo wakajenga laiblari nzima mle, ngazi, rafu, vitabu, ile roshani ya juu, sanamu lile, kila kitu. Kwa hivyo wewe waona chumba kimoja lakini ni chumba kilichotengenezwa makusudi kamera ipate pa kupita na waigizaji wapate pa kwenda. Hebu irudie uangalie vizuri, kuna pa kupanda, kuna pa kujificha, kuna mtu aweza kujitenga nyuma kabisa na bado waona yuko pamoja na wenzake. Darasa la madawati yaliyopangwa safu na ubao mbele litawaishia dakika ya 5, nakwambia ukweli.

Pesa zilikuwa kama dola milioni 1 tu, na kwa Hollywood hizo ni chache hata wakati ule. Marekani peke yake ikaja kuingiza zaidi ya milioni 45. Hughes aliiandika iwe ndiyo sinema yake ya kwanza kuongoza, ila Sixteen Candles, sinema yake nyingine, ikaitangulia.

Dada_wa_Jukwaa
Mwalim mimi ni mtu wa jukwaa na hii picha naipenda kwa sababu ilitengenezwa kama mchezo wa jukwaa. Kwanza walifanya mazoezi pamoja kabla ya kamera kuwashwa. Alafu kitu ambacho watu wa sinema hawafanyi sana, waliipiga karibu yote kwa mpangilio wa hadithi yenyewe, kwa kawaida utaona mtu anapiga mwisho leo na mwanzo wiki ijayo kwa sababu ya pesa na sehemu, lakini hapa sehemu ni moja, kwa hivyo asubuhi ya hadithi ndio walikuwa bado hawajazoeana na kufika jioni ya hadithi washajuana kweli, na hiyo huwezi kuigiza jamani, inaonekana usoni.

Kuhusu kujitungia, ndio ni kweli. Ile sini wamekaa chini duara kila mtu anasema kwa nini ameletwa pale, Hughes aliwaachia waseme kwa maneno yao. Na ule utani wa Bender, yule mwanafunzi mtukutu anayeigizwa na Judd Nelson, akitambaa kule juu ya dari, anausimulia alafu anaanguka kabla haujaisha, watu miaka yote wanatafuta mwisho wake, hauna mwisho, Judd Nelson aliubuni tu. Ngumi anayoinua pale mwisho kabisa uwanjani pia ni yake. Na ile mba ya Allison, yule msichana wa ajabu anayejitenga, anayoikung'uta juu ya mchoro wake iwe theluji, hiyo ni chizi ya parmesan imesagwa, watoto wako wataipenda hiyo!

Lakini nakuomba usikie hili, walijitungia BAADA ya kuwajua wale watu wanaowaigiza. Ukimwambia mtoto wa fomu 2 siku ya kwanza haya jitungie, atakuangalia tu, au atakuletea vile vichekesho anaona kwa simu. Mpe wiki nzima ajue huyu mtu wake kwao wanakula nini, nani anamgombeza, ndio umwachie.

Mkunazi_Kizingo
Nakubaliana na Da Jukwaa lakini mwalimu apewe na upande wa pili. Judd Nelson hata kamera ikizimwa alikuwa anaendelea kuwa Bender, anamchokoza Molly Ringwald aliyeigiza Claire, yule msichana maarufu, na Molly na Anthony Michael Hall aliyeigiza Brian, yule msomi, ndio walikuwa watoto kweli pale, miaka 15, 16 hivi, Nelson alikuwa 24. Hughes alikasirika karibu amfukuze, mpaka wenzake wakamtetea, Paul Gleason yule aliyeigiza mwalimu akiwa mmoja wao. Watu wanahadithia hii kama sifa, eti ndio sanaa. Mimi siioni hivo. Nikiwa fomu 3 mwelekezi wetu aliwaambia wenzangu wasinisemeshe wiki nzima ili nilie kweli jukwaani, nikalia kweli, watu wakapiga makofi, na nikaacha drama miaka 5. Usiwafanyie watoto wako hivo, tafadhali.

Kizuri cha kuchukua ni namna walivyogawana nafasi. Emilio Estevez mwanzo alikuwa awe Bender, akahamishwa kuwa yule mwanariadha, na Molly alikuwa apewe Allison, yeye akataka Claire. Waache watoto wajaribu nafasi za wenzao kabla hujaamua, yule mpole unayemjua wewe huenda ndiye mtukutu wako.

Barobaro_Likoni
Nashukuru sana wote, na dada Mkunazi pole, nimekusikia, hilo halitafanyika. Nishaamua darasa tunaliacha, twenda bwaloni, kuna jukwaa dogo na mabenchi ya kuhamisha na kidirisha cha jikoni mtu aweza kutokeza kichwa. Wasiwasi wangu sasa ni jua. Hadithi ni ya siku moja na sisi twapiga Jumamosi 3, na madirisha ni makubwa.

MzeeWaKanda
Wale laiblari yao ilikuwa ndani ya jengo lengine, jua haliwahusu. Wewe piga saa zile zile kila Jumamosi, sini za asubuhi saa tatu mpaka saa tano, za mchana baada ya adhuhuri, na ufuate mpangilio wa hadithi kama walivyofanya wao. Pazia za leso upande wa bahari, upepo ukizipeperusha acha zipeperuke.

Dada_wa_Jukwaa
Na watu wazima usihangaike kuwatafuta mbali. Mama na dada wanaomshusha Brian kwa gari ni mama na dada wa Anthony Michael Hall kweli kweli, na baba anayekuja kumchukua jioni ni Hughes mwenyewe. Maiki kama ya kuazima haijapatikana nitumie ujumbe, niko nayo, nitaivusha kwa feri Ijumaa.

Barobaro_Likoni
Haijapatikana dada, nakutumia sasa hivi. Na mama wa mahamri wa pale geti nimetoka kumuuliza, amekubali kuwa mama wa mtukutu, ila amesema apigwe picha kabla ya saa mbili, baadaye ana wateja.