Stimpanki: helmeti ya mkoloni ibaki au iondoke?

Wakuu, hili limenikaa moyoni, naomba tulijadili. Kwenye onyesho moja la mavazi rafiki yangu alitokea amevaa stimpanki kamili, ule mtindo wa kuwazia dunia ya zamani inayoendeshwa na mashine za mvuke: koti refu, saa ya mfukoni yenye mnyororo, miwani ya duara iliyozungushiwa shaba, na kifuani kashona vigurudumu vya meno alivyovitoa kwenye saa mbovu. Kazi ya mkono safi kabisa, niliishika nikaigeuzageuza. Ila kichwani alivaa ile helmeti nyeupe ya ma-DC, wakuu wa wilaya wa kikoloni. Nilipomuuliza akanijibu, "Ndugu yangu, hii ni ndoto tu, historia ambayo haikutokea."

Mimi sikubali.

Ni kweli mtindo huu umesimama juu ya "ingekuwaje kama". Jina lilibuniwa mwaka 1987 na mwandishi Mmarekani, K. W. Jeter, lakini mizizi yake iko Uingereza ya Malkia Victoria (1837–1901): garimoshi, boila, viwanda vya pamba. Charles Babbage alichora mashine ya kukokotoa hesabu kwa magurudumu ya meno, akafa hajaimaliza. Stimpanki inauliza, ingekuwaje kama angeimaliza? Swali tamu mno. Sasa kama ruhusa ya kuimaliza mashine ya Babbage tunayo, ya kuiondoa himaya tumenyimwa na nani? Katika ndoto hiyo kila kitu kinageuka, mkoloni tu ndiye habanduki.

Mvuke uleule ulileta manowari za Waingereza hadi bandari ya Unguja. Tarehe 27 Agosti 1896 walilipiga mizinga kasri la Sultani, hata saa nzima haikutimia, wakaizamisha na meli yake, Glasgow, iliyoundwa hukohuko Uskoti. Watu walikufa. Helmeti ile inatoka kwenye sanduku moja na mizinga hiyo, siwezi kuiita pambo.

Na teknolojia ya enzi hizo haikuwa ya Mzungu peke yake. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, aliisimamisha Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Unguja, mwaka 1883 kwa nguzo za chuma zilizovushwa bahari. Nikimwona kijana ndani ya kanzu na joho, kilemba kakibana kwa gurudumu la shaba, nitampigia makofi hadi mikono iume.

Nyinyi mnaosema nguo ni nguo tu, nijibuni: kwenye ndoto yenu, Glasgow bado inazama?