Naombeni ushauri: he na she zinanichanganya mbele ya wageni, na usaili umekaribia

Mtembeza_Wageni (Iringa)
Kamwene wakuu. Natembeza wageni Isimila, kwenye korongo la zana za mawe za kale, na Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtemi Mkwawa wa Wahehe, huu mwaka wa tatu. Historia ninayo kichwani, shida ni Kiingereza. Niliishia kidato cha nne, mengine nimeokota humohumo korongoni. Wiki mbili zijazo nina usaili kwenye kambi moja ya watalii kule Ruaha, na ni wa kuongea mwanzo mwisho.

Nikisimulia habari za Mkwawa naanza na he, nikigeuka kidogo nimeshasema she, wageni wanabaki kutazamana. Halafu kuna "The skull has come back in 1954". Mgeni mmoja alinirekebisha, akasema "came back". Sikuelewa has ina kosa gani, maana fuvu la Mkwawa si limerudi kutoka Ujerumani?

La tatu ndilo linaloniuma. Mwezi uliopita tuko chini kabisa kwenye zile nguzo za asili, mama mmoja mtu mzima akaniuliza, "Isn't there a toilet down here?" Nikajibu "Yes", nikimaanisha ndiyo, hakuna. Akafunga kamera yake, akasimama kunisubiri nimwonyeshe njia. Nikarudia, "Yes, yes." Akazidi kusubiri. Mpaka nilipotikisa kichwa ndipo akaelewa, na kupanda kurudi juu ni mwendo. Nilimwonea huruma sana yule mama.

MamaUyole
Mwanangu, nimefundisha Kiingereza sekondari huku Mbeya kwa miaka mingi, na hilo la yes nimelisikia kila mwaka. Ndiyo yetu inamfuata muulizaji: amesema hakuna, nawe unakubaliana naye. Yes ya Kiingereza inafuata kitu chenyewe. Kipo, yes. Hakipo, no, hata akiuliza kwa kukanusha. Na usijibu neno moja, sema "No, there isn't." Ukiteleza mwanzoni, ule mkia utamfikishia maana.

He na she usijilaumu. "Amekuja" haiulizi kama ni mwanamume au mwanamke, wala Kihehe hakiulizi, wala Kinyakyusa. Kichwa chako hakijazoea kuamua hilo kabla ya kitenzi, kwa hiyo dawa ni mazoezi ya mdomo. Wanafunzi wangu nilikuwa nawapa picha ya harusi. Weka kidole kwa bwana arusi, sema sentensi tano juu yake bila kuhama: He is tall. He is holding a cup. He looks tired. Ukimaliza ndipo unahamia kwa bibi arusi. Kwa sauti, asubuhi na jioni. Na ukimsimulia Mkwawa, litaje jina lake mara nyingi, hakuna atakayekulaumu.

Mbena_Makambako
Kuhusu fuvu: sisi tunasema "amekuja jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinakataa. Ukishataja wakati uliokwisha, iwe jana, mwaka jana au 1954, has na have zinaondoka. Mkwawa died in 1898. Kama hutaji tarehe na jambo linagusa sasa, have inakaa: "Have you visited Kalenga?" Na discuss haitaki about.

Kijana_Tukuyu
Mkuu, mimi usaili wa hoteli niliandika "the work which I did it". Nilikuwa natafsiri "kazi niliyoifanya", ile -i- nikaigeuza it. Kwako itatokea kwenye zana za mawe: "the tools which they used them". Toa them. Which imeshazitaja.

Mtembeza_Wageni (Iringa)
Shikamoo mama, na asanteni wote. Hiyo ya "niliyoifanya" nimeisema mara nyingi mno bila kujua. Picha ya harusi ya dada nimeshaibandika ukutani. Nimejaribu hizi: "Mkwawa died in 1898. His skull came back in 1954. The tools which they used are here. Last week I didn't saw many visitors."

MamaUyole
Marahaba. Tatu ziko safi. Ya nne ni "didn't see". Did imeshabeba wakati uliopita, kitenzi kinachofuata kinabaki kama kilivyozaliwa. Kesho niandikie kumi za dada yako tu, zote she.